Nimepangiwa kufundisha Mpanda, lakini mkono umezoea katuni

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa kwanza kati ya wanne. Naishi na mama hapa Moshi, Majengo. Baba alifariki nikiwa kidato cha nne, na ada ya kidato cha tano na sita alilipa baba mdogo. Chuo nilimaliza mwaka 2021, shahada ya ualimu, Hisabati na Fizikia. Tangu hapo nimeomba ajira serikalini kila zikitangazwa. Nafanya usaili, nasubiri majina, langu halipo, naanza upya. Katikati nilifundisha shule moja binafsi kwa laki mbili na nusu. Mwezi huu mshahara upo, miezi miwili haupo. Nikaacha.

Animesheni, yaani kutengeneza katuni zinazotembea, niliikuta huko huko kwenye kusubiri. Nilikuwa nasaidia kwenye stationari moja karibu na stendi, kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi, na kaka mwenye duka alikuwa na Blender kwenye kompyuta yake. Ni programu ya bure ya kutengenezea katuni, mtu anaipakua tu. Zoezi la kwanza la karibu kila anayejifunza ni mpira unaodunda. Nilikaa na huo mpira wiki nzima. Ulikuwa unashuka kama unateremshwa na kamba. Siku moja nikakumbuka somo la Galileo, kwamba kitu kinachodondoka, kwa vipindi vya muda vilivyo sawa, hupita umbali wa 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7. Nikapanga picha zangu hivyo. Mpira ukaanguka kama mpira. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Sasa huu ni mwaka wa tatu napata kazi za kulipwa, nyingi kutoka kampuni za utalii za hapa na Arusha. Iliyonitangaza ni video ya sekunde tisini ya njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro. Mgeni anaona atakavyopanda mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, halafu siku hiyo hiyo anashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi kabla ya kukitafuta kilele cha Uhuru. Nafanya vyote mwenyewe: nachora, naunda maumbo, nayawekea mifupa ya kuyachezesha, naweka taa, natia sauti. Mwaka jana kuanzia Juni hadi Oktoba nilikuwa napata kama laki nne kwa mwezi, na Agosti ikafika milioni moja na laki mbili. Anti, hakuna mwalimu anayeanza kazi anayepata fedha hiyo. Novemba hadi Februari ni laki mbili, laki tatu. Machi mpaka Mei hakuna kitu, mvua.

Sasa mambo yamegongana.

Jina langu limetoka. Mpanda, Katavi. Natakiwa kuripoti ndani ya siku 14, na leo ninapoandika zimebaki 11. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Baba mdogo amenunua sanduku jipya la nguo, la magurudumu. Limekaa sebuleni na kila anayeingia analipongeza.

Wakati huo huo rafiki yangu, nimwite J., ambaye yuko Arusha na anafanya kazi kama yangu, anataka tufungue studio Sakina, huko huko Arusha. Chumba, kompyuta moja ya nguvu yenye kadi nzuri ya picha, na viti vya wateja. Jumla milioni saba, kila mtu nusu. Mimi nina akiba ya milioni moja na laki sita. J. anasema zinazobaki nikope kwenye vikoba vya mama, kwa kuwa mama ana hisa nyingi na atanidhamini. Anasema msimu unaanza Juni, hadi Septemba deni limeisha.

Ningeshamkubalia, ila mwezi wa pili mteja wangu mmoja wa siku nyingi alinitumia kwenye WhatsApp kipande cha sekunde ishirini kilichotengenezwa na akili mnemba. Akaandika, "Hii nimetengeneza mwenyewe, dakika kumi, bure." Nikaangalia. Kilimanjaro ina ncha kama mkuki, kilele cha pili cha Mawenzi hakipo, na mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba mzigo ana vidole sita. Nikamwambia, bosi, mlima si huu. Akanijibu, "Wageni hawaujui mlima, wataujua wakifika." Tangu siku hiyo hajanipa kazi. Usiku ule sikugusa kompyuta.

Mama anauza ndizi soko la Mbuyuni na ana kisukari, mwaka wa sita sasa. Wadogo zangu wawili wako Dar wanahangaika na maisha, wa mwisho yuko kidato cha pili hapa nyumbani. Mama anasema katuni ni za watoto, na mimi si mtoto. Huwa nafanya kazi usiku akishalala, navaa hedifoni nisimsumbue. Mchana sebule ni ya watu.

Anti, naomba uniambie ukweli. Hii kazi ina maisha, au najidanganya? Nikienda Mpanda ndiyo mwisho. Nisipokwenda nitamuua mama kwa presha.

Mchoraji, Moshi

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zilizotangulia kwa sababu ya hizo siku 11, wenye barua zao wanisamehe.

Kabla sijasema lolote ujue naongea nikiwa nimeegemea upande gani. Mimi nilikuwa mwalimu. Nilipangiwa Nachingwea mwaka 1990, nikalia ndani ya basi mpaka kondakta akanihamishia kiti cha mbele akidhani natapika. Nilikaa miaka saba na niliondoka nikilia tena, safari hiyo kwa kutotaka kuondoka. Kwa hiyo nitakayosema kuhusu ualimu yapunguze kidogo. Kuhusu animesheni, ambayo siijui, nimempigia kijana mmoja anayeifanya kazi hiyo kwa mwaka wa nane sasa, nikamsomea barua yako bila kumwambia imetoka wapi. Mengine humu ni yake.

Nilivyokuelewa ni hivi. Umesubiri mlango mmoja kwa miaka, na ukiwa unasubiri ukajichongea mwingine kwa mikono yako. Sasa ule wa kwanza umefunguka ghafla, na kwenye ule wa pili umesikia mtu anagonga misumari kutoka nje. Ningekuwa wewe nami nisingelala.

Umeuliza kama kazi hii ina maisha. Kijana wangu alicheka kidogo kwenye simu, akasema, "Anti, ni kama kuuliza kama usafiri una maisha. Daladala au ndege?" Ukitazama nje huko kwenye studio kubwa, hali si nzuri kama picha zao zilivyo. Pixar walipunguza kama asilimia 14 ya wafanyakazi wao Mei 2024. Technicolor, kampuni ya zaidi ya miaka mia moja yenye studio katika nchi kadhaa, iliporomoka Februari 2025, na watu wenye uzoefu wa miaka kumi, kumi na tano, wakajikuta barabarani. Hao leo wanagombea kazi zile zile ambazo kijana wa Moshi anaziota akitazama majina mwisho wa filamu. Kama ndani ya moyo wako kuna mpango wa namna hiyo, ambao hukuniandikia, utazame vizuri.

Afrika kuna mlango, ingawa si mpana. Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika wakaupa jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Watengenezaji walitoka Afrika Kusini, Uganda, Kenya, Nigeria, Zimbabwe na Misri. Jina letu, sisi hatumo. Hata Tinga Tinga Tales ya mwaka 2010, iliyoazima mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam, ilitengenezewa Nairobi. Mimi hilo huniuma, lakini kwako lina tafsiri nyingine: ukiwa Arusha, Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam. Umeniandikia Sakina na Mpanda tu, kana kwamba ramani inaishia hapo. Na Dar wapo Ubongo, wenye Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa TBC mwaka 2014. Wanafundisha watoto nini? Hisabati na sayansi, kwa katuni.

Hapo ndipo niliposimama nikairudia barua yako. Umeniandikia kama watu wawili wanaogombania godoro moja, mwalimu na mchoraji, mmoja lazima alale chini. Lakini ule mpira wako ni nani aliuangusha vizuri? Si mchoraji. Mchoraji alikesha nao wiki nzima ukashindikana. Ni mwalimu wa Fizikia aliyekumbuka 1, 3, 5, 7. Nilimsomea kijana wangu sehemu hiyo, akanyamaza, kisha akasema yeye ilimchukua miezi kulishika hilo kwa kubahatisha.

Sisemi kwamba jibu ni kwenda Mpanda. Nasema tu kwamba "nikienda ndiyo mwisho" ni sentensi ambayo haijathibitishwa. Mwisho wa nini? Wa wateja wa utalii, pengine ndiyo. Anayetaka video Ijumaa hatamsubiri mtu aliyeko Katavi anasahihisha madaftari. Wa kuchora je?

Tuje kwenye mashine, kwa sababu nahisi hiyo ndiyo iliyokuumiza kuliko vyote. Hukuandika kwamba umekosa fedha usiku ule. Umeandika hukugusa kompyuta. Mteja yule hakukuambia kazi yako ni mbaya. Alikuambia kwamba kwake yeye, mlima sahihi na mlima wa uongo bei yake ni moja. Hilo ni tusi kwa mtu aliyehesabu mita za Lava Tower, nami ningekasirika. Ila wateja wa aina hiyo, wanaotaka tu kitu kinachotembea kwenye simu, mashine itawachukua, na sioni njia ya kuwarudisha. Kijana wangu anasema kwake yeye kazi za matangazo mafupi zimepungua zaidi ya nusu.

Lakini wako wateja ambao kidole cha sita kinawaharibia kazi. Fikiria video ya kumfundisha mgonjwa kujichoma insulini. Sindano ikiwekwa mahali pasipo pake, kosa hilo haliishii kwenye picha. Fikiria somo la mkondo wa umeme, au maelekezo ya usalama kwa wagumu wenyewe, dalili za ugonjwa wa mwinuko, kwa Kiswahili ambacho midomo ya katuni inakifuata. Huyu analipia usahihi, na anataka mtu wa kumwuliza pakikosewa. Je, umewahi kumtafuta mteja wa namna hiyo hata mmoja? Sijaona kwenye barua. Huenda wapo wachache na huenda wanalipa polepole, kwa hati za malipo zinazozunguka ofisi tatu. Hilo nalo ujue kabla hujafurahi. Na mashine yenyewe inajifunza kila mwezi, vidole sita vya leo mwakani vitakuwa vitano.

Sasa leta kalamu. Umelinganisha mshahara wa Mpanda na mwezi wako wa Agosti. Ulinganishe na Machi. Nimechukua namba zako mwenyewe: Juni hadi Oktoba ni milioni mbili na laki nane, Novemba hadi Februari kama milioni moja, Machi hadi Mei sifuri. Jumla milioni tatu na laki nane. Gawa kwa kumi na mbili, unapata laki tatu na kumi na sita elfu na ushee kwa mwezi, kabla hujatoa bando, umeme na kodi. Na huo ni mwaka ambao yule bosi wa vidole sita alikuwa bado mteja wako. Sikuonyeshi hivi ili kukukatisha tamaa, maana kujifundisha kitu usiku sebuleni hadi kikakulipa ni jambo ambalo wengi wenye vyeti vyake hawajalifikia. Nataka tu uamuzi wako uegemee mwaka mzima, si mwezi mmoja mzuri.

Upande wa serikali nao usihesabiwe kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua. Kuna asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 3 ya bima ya afya, na kama ulisoma kwa mkopo, bodi inakata 15. Deni hilo la bodi halikusamehe hata ukibaki Sakina, ila huko hakuna anayekukata, unajikumbusha mwenyewe, na wengi hatujikumbushi.

Hiyo bima ndiyo inanileta kwa mama. Umeandika anasema katuni ni za watoto. Mimi ni mama wa watu wazima watatu, na nikuambie siri ya chama chetu: tukiogopa kitu kikubwa tunalalamikia kitu kidogo. Mtumishi wa umma akiwa na kadi, anaweza kumwingiza mzazi wake kama mtegemezi. Mwanamke anayeuza ndizi, mwenye kisukari mwaka wa sita, anajua bei ya dawa zake na anajua safari ya hospitali ya KCMC ikianza huwa haiishi kwa siku moja. Huenda vile vigelegele vilikuwa vya kadi hiyo. Huenda nimekosea. Wewe uko naye nyumba moja, unaweza kumwuliza.

Na ukishamwuliza, pima na upande wa pili. Ukiwa Mpanda kadi ipo, lakini ni nani anayemsindikiza kliniki? Wawili wako Dar, mmoja yuko kidato cha pili. Siku sukari ikishuka usiku, kadi haibebi mtu mgongoni. Je, kuna mkubwa yeyote wa ukoo aliyekaa na swali hili, au wote wamekaa na sanduku?

Suala la J. limenitia wasiwasi, na sitajifanya halijanitia. Nilitafuta kwenye barua yako sentensi inayosema umewahi kukosa kazi kwa sababu kompyuta yako ni dhaifu. Sijaiona. Uliyoikosa, uliikosa kwa sababu nyingine kabisa. Basi milioni saba zinaenda kutibu ugonjwa upi? Nani atalipa kodi ya chumba Aprili, wakati magari ya watalii yamepaki? Wateja ni wa nani mkigombana, na kazi mliyoichora pamoja hakimiliki yake ni ya nani? Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, si kazi kubwa, na karatasi moja ya makubaliano iliyosainiwa mbele ya shahidi haimtukani rafiki. Akikasirika kwa kuulizwa hivyo, utakuwa umejifunza jambo kabla ya kulipa. Inawezekana pia J. ni mtu makini na ana majibu yote. Mimi namjua kwa mistari mitano tu.

Lakini hisa za mama, binti yangu. Vikoba si benki, ni akina mama ishirini au thelathini wanaoangaliana usoni kila wiki. Deni likichelewa hadi Novemba, si wewe utakayekaa kwenye kile kikao. Kuna njia za kuanza na milioni moja na laki sita bila kugusa za watu: bila chumba, bila viti, kila mtu kwake, mnagawana kazi kwanza kwa msimu mmoja na kuona kama mnaelewana. Pengine mtaelewana na kazi itawazidi, hapo hata mkopo utakuwa na maana yake. Njia hiyo nayo ina hasara. Inakwenda polepole, na ukiwa polepole huku umekataa ajira, kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu atakuuliza.

Ukiamua kwenda, usijidanganye kwamba utafundisha mchana na kutengeneza katuni usiku kama sasa. Mwalimu wa Fizikia na Hisabati shule za pembeni hubebeshwa vipindi vya watu wawili, na mwaka wa kwanza ni wa majaribio, unatazamwa. Uliza mapema kama kuna umeme wa uhakika mahali utakapokaa, maana kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe picha za mwisho, usiku kucha kwa umeme unaokatika kunaua kompyuta na roho. Mwulize afisa utumishi taratibu za mtumishi mwenye shughuli ya nje, usisubiri kuulizwa. Uhamisho wa kurudi Kilimanjaro usiuwekee tarehe. Huko utakuwa na kitu ambacho studio nyingi hazina: darasa zima la watazamaji wasiojua kukusifia kwa adabu. Watoto wakichoka utaona.

Ukiamua kubaki, nafasi hii usitegemee itarudi. Wako maelfu nyuma yako wanaosubiri jina. Utahitaji kuchagua wewe ni mtu wa nini. "Nafanya vyote" inakufaa kwa wateja wadogo, lakini kijana wangu anasema studio ikikuajiri inakuuliza, wewe ni wa kuweka mifupa, wa taa, wa kupanga hadithi, au wa kuchezesha? Ukijibu vyote wanasikia hakuna. Na usijipe moyo kwa ile hadithi ya Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa hiyo hiyo Blender yako ikachukua Oscar Machi 2025. Ni kweli, lakini wanaoisimulia huwa hawamalizii kwamba ilichukua zaidi ya miaka mitano na mamilioni ya Euro. Programu ni ya bure, miaka si ya bure.

Kama kuna jambo halijaeleweka kuhusu tarehe ya kuripoti, piga simu halmashauri mwenyewe, leo. Usipige kupitia kwa baba mdogo wala kupitia mtu anayemjua mtu. Kunyamaza mpaka siku zipite ni uamuzi pia, na naona kama sehemu fulani yako inautamani huo, ili isionekane uliamua.

Limebaki moja. Nimesoma barua yako yote nikitafuta mahali ulipoandika kwamba mama ameiona kazi yako, sikupata. Unafanya kazi akishalala. Unavaa hedifoni. Miaka yote hii mwanamke huyu amelala chumba cha pili na mlima mzima unajengwa sebuleni kwake, naye anachojua ni mwanga wa bluu chini ya mlango. Anaposema katuni ni za watoto, anasema kuhusu katuni zipi? Zile alizoziona kwenye televisheni ya jirani, pengine. Zako hazijui.

Kesho asubuhi kabla hajaenda Mbuyuni, mkalishe, mfungulie ile ya Machame. Usimwelezee wala usimtajie laki nne. Yeye mlima ule ameuamkia maisha yake yote, atajua Mawenzi iko mahali pake au haipo. Muache atazame hadi mwisho, akitaka arudie, halafu umwulize anaogopa nini hasa. Jibu lake mimi silijui, na wala sidhani kama wewe unalijua.

Baba mdogo mshukuru kwa sanduku, vyovyote itakavyokuwa. Hata wa kwenda Sakina anabeba nguo.

Anti